Kitasa cha Doto

Mume wangu mpenzi,

Leo nimeshinda barazani nikihangaika na kitasa cha Doto, na nimekusema sana, kama vile uko chumbani unanisikia. Tumekuzika tangu kiangazi, lakini kitasa ni kile kile. Ufunguo unaingia, unazunguka, ulimi hautoki. Nani mwingine alikuwa akilazimisha ufunguo kama anavuta ndama aliyekwama?

Unakumbuka hao wawili walivyokuja kwetu. Ilikuwa wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na serikali ikakupa pikipiki, bwana mifugo, uzunguke kuchanja ng'ombe. Fundi bati wa Kanyenye akakutengenezea masanduku mawili ya kuning'inia ubavuni, ya sindano na dawa, na vitasa ukanunua duka la Mhindi. Safari ya kwanza tu, ukarudi sanduku la kushoto liko wazi, chupa zimejaa vumbi. Ukasema, "Hawa ni pacha. Huyu wa kulia mtulivu, ni Kulwa. Huyu mkorofi ni Doto." Tulicheka sana. Tulishakaa kwenye ndoa kiasi cha watu kuanza kuniangalia tumbo, na kicheko kile nilikihitaji.

Wewe dawa yako ilikuwa mafuta ya cherehani. Unamimina, vumbi la Tabora linanata humo, kitasa kinakuwa na uji ndani. Mimi ndiye niliyekiosha kwa mafuta ya taa, nikakianika, nikakwangua risasi ya penseli nikaipuliza kwenye tundu la ufunguo. Nikakata na mpira wa tyubu, nikauzungusha chini ya kifuniko kisirukeruke njiani. Ulikaa pembeni ukinipa bisibisi, ukasema, "Mke wangu, ungefungua karakana mjini." Nikakujibu ninayo tayari, mteja mmoja tu, na haambiliki.

Lakini mdomo wako nao haukuwa na kitasa. Huko vijijini watu wakikuuliza watoto hawajambo, hukuwaambia kwamba hatujajaliwa. Ulisema, "Kulwa mzima. Doto ndiye msumbufu, hafungi mdomo." Wakacheka, wakaamini. Wachunga ng'ombe wakaibeba habari hiyo mpaka Ziba, kwa mama yako.

Hukuniambia mama alikuwa amekupa muda. Dada yako ndiye aliyeninong'oneza kwamba mavuno yakipita bila habari njema, utatafutiwa mke mwingine. Msimu ule wote niliishi kwa hofu. Nilipika, nilifua, nilitengeneza vitasa, na kila nilipoona mahindi ya jirani yanakauka shambani nilihesabu siku zilizobaki.

Kisha asubuhi moja mama akateremka kwenye lori la pamba, kibuyu cha maziwa mkononi, na shanga nyeupe za wajukuu pacha zimefungwa kwenye pindo la khanga. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wako wapi? Mbona mmenificha?"

Wewe ulikuwa uani, Doto yuko mapajani mwako, wazi. Ukatazama chini. "Mama, Kulwa na Doto ni haya masanduku."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akakaa kwenye kigoda, akatutazama kwa zamu. Mwisho macho yake yakatua kwenye vidole vyangu, vyeusi kwa penseli.

"Na anayewatunza nani?"

"Mimi, mama."

"Hebu mfunge huyo mkorofi nimwone."

Ukatia ufunguo, ukakaza meno, wapi. Nikaupokea. Nikauchomoa kwanza, maana ulikuwa wa Kulwa, kama kawaida yako. Nikachukua wa Doto, nikakandamiza kifuniko taratibu kwa kiganja, nikazungusha. Akafunga. Mama akacheka mpaka akafuta machozi, na kicheko kilipokwisha aliendelea kuyafuta. Kisha akafungua pindo la khanga, akafunga uzi mmoja wa shanga kwenye kila ufunguo, wa Doto akaupiga fundo kubwa. "Asiwachanganye tena. Huyu tangu mdogo hatofautishi vitu," akaniambia mimi. Maziwa tukayanywa sisi watatu.

Mavuno yakapita. Habari ya mke mwingine haikurudi tena nyumbani kwetu, na sikuwahi kumuuliza mama kwa nini.

Na siku binti yetu alipozaliwa, tulipokuwa tumeshaacha hata kulizungumza jambo hilo, ulimtumia mama ujumbe achague jina. Jibu likaja na dereva wa lori: "Aitwe Shija." Ukatoka nje, ukaenda kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa. Nilikuacha. Huku kwetu kila mtu anajua Shija ni nani, ni mtoto anayefuata pacha. Mama alikuwa amewahesabu. Siku hiyo nilimpenda mama yako kama aliyenizaa.

Sasa nikwambie ninachokuandikia. Siku ya mazishi yako alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Ulyankulu, uliyemchanjia ng'ombe enzi zile. Akamshika Shija mkono, akamuuliza jina, kisha akatazama huku na huku. "Na wakubwa zako pacha mbona siwaoni? Hawakuja kumzika baba yao?"

Shija, macho yamevimba kwa kulia, akamjibu kwa adabu, "Wapo ndani, babu. Kulwa mzima. Doto ndiye msumbufu, hafungi mdomo."

Nilicheka, mume wangu, katikati ya msiba wako. Wanawake wakanishika wakidhani nimezidiwa. Nikageuka upande wako nikuone unavyocheka, na ndipo nikajua kweli umeondoka.

Pumzika. Penseli imefanya kazi, Doto amefunga, na funguo zipo msumarini na shanga zao.

Mkeo,
Mama Kulwa, Doto na Shija