Uso wa Kaka Kwenye Mninga

Shemeji Zuhura,

Hamjambo hapo Ujiji, wewe na watoto? Tabora joto linachemsha wino koponi. Njia waliyoipita babu zetu na mizigo kichwani, mimi nimeipita kwa treni nikitafuna karanga! Mkutano wa sisi wachonga chapa, tunaochonga picha kwenye mbao na kuzichapa karatasini, umejaa wasomi, lakini wanamzunguka nani? Mimi wa darasa la saba, niliyefika Lusaka na Bujumbura.

Nilichonga uso wa marehemu mumeo kwenye ubao wa mninga, kwa kumbukumbu tu, maana unajua hakuacha hata picha moja. Tulipomaliza kuchapa, mama anayetufundisha akachukua patasi.

"Kaka, ndiyo desturi yetu. Nakala zikitosha, ubao unakatwa alama ya msalaba juu ya picha ili zisiongezeke."

Akaanza kukata kabla sijamwelewa vizuri. Nikamshika mkono.

"Mama, huyu tumeshamzika mara moja. Mara ya pili sitaki."

"Basi kazi yako haitatundikwa," akasema, kwa huruma kabisa.

Sasa kwenye maonyesho kuna jina langu ukutani na chini yake patupu. Ubao ninao mimi, nimeufunga kwenye shuka. Kadi hii nimeichapa kwa ubao huo baada ya hapo, ndiyo maana utaona mstari mweupe, patasi ilipopita, kwenye paji la uso wake. Usilie, umeishia juu ya jicho. Geuza kadi, umwonyeshe na yule mdogo ambaye hakumkuta baba yake. Nikirudi nitawachapia mpaka mchoke kumwona.

Shemejio akupendaye,
Shabani