Nimemkaribisha Mwenyeji Nyumbani Kwake

Shangazi Marlene mpendwa, naomba msaada wako na naomba usicheke mpaka nimalize, na jina langu usilitaje redioni kwa sababu Bibi yangu kule Condobolin hakosi kipindi chako hata akiumwa. Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, Mwiradjuri halisi, kabila la wenyeji wa asili wa hapa Australia, shule niliiacha njiani lakini kichwa kinafanya kazi, na tangu Februari niko hapa Newcastle, pwani, mbali na kwetu, kwenye kiwanda cha madirisha, nafunga vioo, na bila kujisifu hakuna anayefunga haraka kunizidi, waulize wenyewe.

Sasa kila Jumatatu tunaanza na mkutano wa usalama, na bosi wetu Glenn husoma kadi yake ya kuwatambua wenye ardhi, yaani watu wa Awabakal, wenyeji wa asili wa mji huu, jina analolitafuna mpaka linatoka kama dawa ya kikohozi, halafu anarukia habari ya viatu vya kazi. Mwezi uliopita ilikuwa wiki ya kujumuisha watu wote, ofisi kuu ikatuma keki na mabango, Glenn akanishika bega, "Kaka, wewe si ndiye Mwaborijini wetu? Safari hii fungua wewe, tupe kitu cha kweli." Nikamjibu, "Glenn, umepata mtu. Nitakupa na moshi juu, kama wazee wetu wanapokaribisha wageni." Shangazi, moshi huo hakuna aliyeniomba, mpaka leo sielewi huu mdomo ulitumwa na nani.

Nikachuma majani ya mkaratusi pale kwenye maegesho, nikayatia kwenye ndoo ya rangi, nikawasha, nikasimama kifua mbele, mbele ya watu arobaini nikasema, "Karibuni katika nchi yetu, tembeeni kwa amani, mababu zetu wanawaona," na nilisema vizuri, dada mmoja wa ofisini alifuta machozi, ingawa sasa nafikiri yalikuwa ya moshi, maana hapohapo king'ora cha moto kikalia, maji yakamwagika kutoka darini juu ya keki, tukatoka mbio wote mpaka uwanjani tumelowa kama paka.

Uwanjani nikajikuta karibu na Noelene, mama mtu mzima anayepanga oda, mpole, ngozi nyeupe, nywele nyekundu zinazoanza kupata mvi. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, watu wako ni akina nani?" Nikamwambia, "Wiradjuri, mama, Condobolin, watu wa mtoni, hatuna mfano." Akasema, "Nilidhani hivyo. Mimi ni wa Awabakal. Mama yangu alizaliwa pale ng'ambo ya reli." Akajikamua maji kwenye mkono wa sweta. "Basi asante, mwanangu. Miaka sitini na mbili naishi hapa, leo ndiyo mara ya kwanza nakaribishwa." Akaenda kusimama kwingine. Alikuwa akiniletea mkate wake mzito kila Ijumaa, sasa haleti, na nikimsalimia anaitazama karatasi yake.

Shangazi, nimechanganyikiwa, maana Bibi alinifundisha tangu mdogo kwamba kukaribisha ni kazi ya wenye ardhi hiyo peke yao, sisi tukiwa kwa wengine tunashukuru tu, lakini Glenn anasema ofisi kuu wameipenda video ya siku ile, sehemu ya king'ora wameikata, na Ijumaa ya wiki ijayo tunafungua banda jipya, meya anakuja, nikaribishe tena. Nikamwambia, "Glenn, hapa si kwetu." Akanitolea macho, "Si kwenu vipi? Kwani nyie si wamoja? Ukikataa sasa tutaonekana tulidanganya." Halafu akanikumbusha kwamba nafasi ya mafunzo ya foklifti ni moja tu na anataka aipate kijana anayejitokeza, na mimi foklifti naiota. Nikimtaja Noelene, labda hataki, maana Glenn amekaa naye miaka kumi na tisa na hajui yeye ni nani. Nikisimama, namnyang'anya mara ya pili, safari hii mbele ya meya. Nikikataa, foklifti kwaheri. Nimefikiria kuumwa tumbo siku hiyo, kuigiza najua sana. Nifanyeje?

Fundi Vioo, Newcastle

*

Fundi Vioo, nimecheka, nisamehe, ile keki imenimaliza. Sasa kaa chini.

Umeniomba nifiche jina lako. La yule mama umeniletea zima zima, hukukumbuka. Nimelibadilisha mimi, na la bosi pia. Umeona ugonjwa wako ulipo?

Hujachanganyikiwa kiasi unachodhani. Alichokufundisha Bibi yako umekiandika mwenyewe, bila kosa. Ulikijua kabla hujawasha ndoo. Ila umekula mkate wa yule mama miezi mingapi, na hukuwahi kumwuliza swali alilokuuliza yeye, ambalo kila mtu wetu huuliza kabla chai haijapoa? Ulimwona mweupe ukampita, kama bosi wako tu. Hilo ndilo lililomuuma. Moshi ni mchezo.

Lakini sikutupi. Kushikwa bega na mkubwa wako na kuitwa "Mwaborijini wetu" mbele ya watu, ukiwa na miaka kumi na tisa, halafu useme hapana, hilo limewashinda watu wenye mvi. Ni vile tu wewe hukuishia kushindwa, uliongeza na moshi.

Kesho wakati wa chai mfuate. Usibebe maua. Sema, "Mama, nilikaribisha watu kwenu bila ruhusa yako. Nilikosea." Kisha nyamaza, najua utaumia. Usimwombe azungumze siku ya meya. Msamaha ukiuomba pamoja na kibarua, si msamaha tena. Na habari zake usimpelekee Glenn. Akitaka ajulikane, ana mdomo wake.

Halafu nenda kwa Glenn, bila mizaha. Mwambie, "Naweza kushukuru kama mgeni, kukaribisha siwezi." Akitaka mwenyeji, aende kwenye baraza la ardhi la wenyeji, aombe kwa adabu na mapema, na wakimjibu hapana akubali. Foklifti ni kazi, haitolewi kwa hotuba. Akikutishia nayo tena, mwombe arudie maneno hayo mbele ya mtu wa chama cha wafanyakazi. Huenda ukaikosa hata hivyo, sikudanganyi. Tumbo lako liache, halijafanya kosa.

Ila kabla ya yote hayo, mpigie simu Bibi yako leo. Condobolin kijana wa kujisifu hivi ni mmoja, ameshakutambua redioni tangu pale ulipojisifu kwa vioo. Mwambie jina la kweli la yule mama. Atakuuliza mama yake ni nani, bibi yake ni nani, walihamia lini, na usishangae akikwambia, "Ngoja, huyo namjua dada yake." Kesho umfuate yule mama ukiwa mjukuu wa mtu, si kijana wa Glenn.

Shangazi Marlene