Chumba Kimoja chenye Dirisha la Kioo

Eldoret, 9 Machi 1954

Na lile dirisha, Mama, sikumaliza kukueleza! Ni la kioo, vipande sita, na jua la asubuhi likiingia linafika mpaka kwenye mto wa kitanda. Halifunguki, limejengewa ndani ya ukuta, lakini nani angetaka kufungua dirisha zuri namna ile?

Tazama, nimekimbilia dirisha kama mtu asiyefunzwa salamu. Mulembe, Mama. Miguu inaendeleaje na baridi? Mimi nina afya, Wangila ana afya, na tunapendana mpaka majirani wanatucheka. Jana mume wangu alirudi kutoka ghala la mahindi, karani mzima na tai yake, kachomeka ua la porini kwenye kofia. "La nini hilo?" "La mke wangu." Mama, ilinibidi niketi.

Sasa tuchague, maana hapa kwa rafiki wa Wangila tumeshakuwa mzigo. Nyumba ni mbili. Ya kwanza ni ile ya dirisha, ndani ya lokesheni, mahali tunaporuhusiwa sisi Waafrika wa mjini: chumba kimoja, sakafu ya simiti, bomba la maji hatua ishirini, taa ya barabarani inayojiwasha kama nyota. Ya pili iko maili sita, njia ya Kaptagat, kwenye shamba la Mzungu. Mzee Kimeli, nyapara wa pale, ana nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na jiko la kando lenye mlango wake. Lakini ukungu haupandi mpaka saa nne, na Wangila angeendesha baiskeli kila alfajiri. Nimemwambia, "Utafika kazini kama jogoo aliyenyeshewa." Akasema, "Jogoo wako lakini."

Wewe ungechukua ipi? Niambie upesi, kwa sababu mwezi wa tisa hatutakuwa wawili tena. Ndiyo, Mama! Ndiyo!

Binti yako mwenye furaha,
Nekoye

Chwele, 21 Machi 1954

Mulembe, mwanangu.

Mimi mzima, miguu ni ile ile. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mbuzi wakasikia. Mungu amshike huyo aliye tumboni.

Chukueni kwa Kimeli. Nekoye, shule imekupa Kiingereza ikachukua akili? Mama mkwe hakanyagi nyumba anayolala mkwe wake. Mimi na Wangila tukikutana njiani, mmoja wetu huingia majanini. Sasa katika chumba kimoja, siku yako ikifika mimi nitakaa wapi? Juu ya hiyo taa ya barabarani? Nimepokea watoto wa Chwele hii tangu wewe hujazaliwa, na wa kwako nataka mikono hii ndiyo imguse kwanza. Jiko la Kimeli lina mlango wake. Humo utazalia, humo nitalala, na mume wako ataendelea kuwa mkwe wangu.

Dirisha halipokei mtoto.

Mama yako,
Tryphosa

Eldoret, 2 Aprili 1954

Mama mpendwa, mulembe, na kwanza kabisa usinikasirikie. Barua yako ilinikuta ufunguo uko mkononi. Ofisi ilitupa siku tatu tu za kujibu, na Wangila alitaka tukungoje. Ni mimi niliyemwambia achukue. Nilitaka dirisha langu. Na ya Kimeli sasa wamepewa watu wa kukamua ng'ombe.

Lakini sikia. Jumatatu tulikwenda ofisi ya lokesheni kuomba vyumba viwili. Karani hakuinua hata kichwa. "Vyumba viwili ni vya wenye watoto. Mtoto yuko wapi?" Nikagusa tumbo. "Mama, hiyo ni mimba. Mimba si mtoto." Watu kwenye foleni wakacheka, hata mimi nikacheka. Ameandika jina letu kwenye orodha. Zamu ikifika, twende na mtoto.

Usihangaike. Wangila atakujengea jiko nyuma ya nyumba, lenye mlango wake. Anasema, "Mama yako atakaa kama malkia, na mimi sitaona hata kisigino chake." Si unaona mume uliyenipa?

Binti yako,
Nekoye

Chwele, 18 Aprili 1954

Mulembe, mwanangu. Ajenge. Mlango usitazamane na wake. Kula mboga chungu, acha hiyo chai ya dukani. Kuku wanne nimewatenga, ni wa mzazi.

Mama yako,
Tryphosa

Eldoret, 15 Julai 1954

Mulembe, Mama. Nina afya, tumbo linanitangulia kila mahali, na Wangila anazungumza nalo kuhusu bei ya mahindi.

Jiko lako lilikuwa limekwisha, Mama. Jumamosi nne alipiga misumari, mabati ya zamani na magunia ya ghalani, mimi nikapaka chokaa, nikatandika mkeka. Alhamisi wakaja askari wawili wa lokesheni na mtaimbo. "Ruhusa ya kujenga iko wapi?" Wangila akasema, "Afande, ni la mama mkwe." Yule mkubwa, mtu wa kwetu kwa matamshi yake, akavua kofia. "Pole, bwana karani. Hata langu walinivunjia." Kisha akavunja. Magunia walituachia.

Jirani yetu Musimbi angekulaza kwake, lakini ana watoto sita katika chumba kama hiki. Kwa hiyo tumetundika blanketi katikati, na siku hiyo Wangila atakwenda kulala ghalani. Anasema sisi ni Wakristo, na mambo hayo Mungu hayaulizi. Hospitali ipo, lakini gari lake ni moja na mashamba ni mengi. Mimi nakutaka wewe. Njoo tu, Mama. Tafadhali.

Binti yako,
Nekoye

Chwele, 28 Julai 1954

Mulembe, mwanangu.

Blanketi si ukuta. Nyumba ni yake hata akilala Kisumu. Mwambie Wangila simdharau. Ni yeye ninayemheshimu.

Lakini nitakuja. Nimemtuma mwalimu wetu wa kanisa aniandikie kwa Wakristo wenzetu wa huko wanipe pembe ya kulala. Nitafika mwisho wa Agosti, na dalili ya kwanza ikianza, watakuleta kwangu nilipo. Ngoja tu. Usibebe maji.

Mama yako,
Tryphosa

Chwele, 19 Septemba 1954

Mulembe, mwanangu. Hujaniandikia tangu niondoke, na sikulaumu.

Nataka ujue ambacho hukukiona, maana wewe ulikuwa kitandani na mimi nilikuwa nje. Nilishuka treni mchana ule nikaja kukusalimu tu, nikamkuta Musimbi mlangoni akipiga kelele kwamba uchungu umeanza kabla ya wakati, na Wangila amekwenda kufuata gari la hospitali. Kukubeba haikuwezekana tena. Nikafika kizingitini. Nikaona kitanda chake. Nikaona suruali zake ukutani. Miguu ilikataa, Nekoye.

Musimbi akarudi ndani kwako, nami nikazunguka dirishani nikuone. Nilimwambia Musimbi afanye nini, naye akaweka mkono sikioni, hasikii. Nikapiga kioo kile kwa ngumi. Nilimwona mtoto anatanguliza miguu. Hao nimewatoa mara tisa wakiwa hai. Mikono inajua, mdomo haujui.

Nilipoingia hapakuwa na sauti. Lakini niliingia. Nilikanyaga nilichokatazwa, na nilikuwa nimechelewa. Halafu Wangila akarudi na gari, akaniona ndani, akageuka akasimama kwenye mvua. Hakuingia kumwona mwanawe akiwa na joto, kwa sababu mimi nilikuwa humo.

Kama ningeingia mara ya kwanza. Au kama nisingeingia kabisa. Usiku na mchana ni hayo mawili.

Mama yako,
Tryphosa

Eldoret, 7 Oktoba 1954

Mulembe, Mama. Nina afya, Wangila ana afya. Maziwa yalikauka wiki iliyopita.

Hukukosa. Nyumba yenye mlango wako ilikuwepo kwa Kimeli, maili sita tu, na mimi nilitaka jua kwenye mto.

Jumanne ililetwa karatasi kutoka ofisini. Zamu yetu imefika. Ni nyumba ya mwisho kwenye mstari, vyumba viwili, na cha nyuma kina mlango wake. Wangila aliisoma akaikunja, akasema hawezi. Nikaenda mimi. Safari hii karani aliinua kichwa, akanikumbuka. "Haya, Mama, yuko wapi sasa?" Nikamwambia yuko makaburini, chini ya ile mikaratusi. Hakuna aliyecheka. Akatafuta rula, akapiga mstari juu ya jina letu, taratibu, kama mtu anayeogopa kuchana karatasi. Akasema amri si yake.

Wangila haleti tena maua. Anarudi, anaketi, anageuzia dirisha mgongo. Jina lako halitaji, si kwa hasira, Mama. Nadhani ni kuona haya, na haya yake haina pa kuingia majanini. Dirisha nimelifunika kwa gunia mojawapo la jiko lako.

Usije tena huku. Nitakuja mimi, peke yangu, kabla mwezi huu haujaisha. Usiniandalie kitu. Kwako naweza kuingia.

Binti yako,
Nekoye