Ardhi Iliyoganda na Korongo la Kondoa

Baba,

Shikamoo. Nimefika Kondoa Jumanne, arobaini yako imeshapita. Mama amenieleza kwamba ulizikwa siku ileile uliyofariki, baada ya swala ya alasiri. Mimi nilikuwa Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, mahali pasipo mtandao. Habari zilinifikia siku ya nne. Nilizisoma, nikainama, nikaendelea kupima. Sikujua mikono niifanyie nini.

Mwanzoni kazi yangu hukuipenda. Siku ninaondoka, pale stendi, ulisema, "Shamba letu linaliwa na korongo, halafu wewe mwanangu unakwenda kupima udongo wa watu?" Nilipanda basi. Nilinuna mpaka Dodoma.

Ngoja nikueleze sasa, maana kwenye simu nilikuwa na haraka siku zote. Kule ardhi ya chini imeganda tangu zamani, ngumu kama mwamba, na juu yake imeota misitu ya misonobari. Joto limeongezeka, barafu hiyo inayeyuka. Ninachoma fimbo ya chuma ardhini mpaka igonge barafu, naandika kina, nasogea, nachoma tena. Kila mwaka fimbo inazama zaidi. Ndiyo kazi yenyewe.

Kuna ile picha niliyokutumia tuliposhuka mjini kwenye mtandao, ya miti iliyolala huku na huku. Mimi na wenzangu tulijua barafu inayeyuka, ila hatukujua kwa nini mteremko ule unabomoka haraka kuliko mingine. Ukanipigia: "Achana na miti. Maji yamepata njia chini kwa chini. Chimba pale juu yake. Korongo letu lilianza hivyohivyo."

Nilichimba. Tuliyasikia maji kabla hatujayaona. Kiongozi wetu akauliza nimejuaje. Nikasema, "Baba yangu ni mkulima." Hilo sikukuambia. Nilitaka nikuambie ana kwa ana, nikione kicheko chako.

Jana nimelipima korongo. Limebakiza hatua chache lifike jikoni kwa Mama. Nilimwambia lazima ahame. Akasema, "Nimwache baba yako peke yake?"

Kaburi lako liko juu, penye mwamba. Ni salama, nimepapima mara mbili. Nikamweleza hayo kama ninavyowaeleza wenzangu kazini: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, udongo upi utaanguka kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unaongea kama yeye."

Hapo ndipo nilipolia, Baba. Mara ya kwanza tangu ufariki.

Mama amekubali. Kaka Hamisi ameanza kufyatua matofali, atamjengea vyumba viwili huko juu upande wako, na Mama atahamia kabla ya masika. Mimi kaskazini sirudi mwaka huu. Nimepata kufundisha Dodoma, nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi. Kesho tunapanda mkonge ukingoni mwa korongo ushike udongo, na majirani wawili wameomba tuwaonyeshe pa kuchimba makinga maji.

Siahidi kwamba tutalizuia korongo. Ahadi za bure ulizichukia. Naahidi hili tu: mvua ya kwanza ikinyesha, Mama atakuwa amelala kwenye nyumba mpya, nami nitakuwa hapo kuisikiliza pamoja naye.

Mungu akupe mapumziko mema, Baba.

Mwanao,
Zuhura