Kiti cha Mbele cha Desanka

Niš, 12 Novemba

Baba mpendwa,

Nakubusu mkono kutoka huku mjini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kuku wameacha mgomo wao wa kutotaga. Sisi huku hatujambo. Kalina ametimiza siku zake arobaini, kwa hiyo nimemtoa nje kwa mara ya kwanza, akaukodolea macho mti wa jirani mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Ana kilo tano. Baba yake, Veljko, bado yuko Ujerumani na lori lake, anakusalimu sana.

Kwenye simu wewe unasikia nusu na nusu nyingine unajitungia, ndiyo maana naandika. Ljuba wa basi amekubali kutubebea barua na vifurushi kama zamani, kila akirudi kwake kijijini.

Jambo lenyewe ni hili: tunakuja kwa sikukuu ya nyumba yetu, Mtakatifu Nikola, tarehe 19 Desemba. Nitamfunga Kalina kifuani ndani ya basi mpaka Pirot, na wewe utatupokea kituoni. Zile kilometa kumi na nne za kupanda kijijini ndizo zinazonitia wasiwasi, na ndiyo sababu Ljuba amekuletea kiti cha mtoto pamoja na barua hii. Kijaribu mapema, Baba. Kikae nyuma, upande wa kulia, ili nikimtoa nimtoe ukingoni mwa barabara na si katikati ya magari. Mtoto anatazama nyuma, hatazami mbele. Kiti kinafungwa kwa mkanda wa gari, unaupitisha kwenye zile ndoano za buluu. Na asitandikiwe kitu kinene chini ya mikanda yake. Blanketi linawekwa juu, baada ya kumfunga.

Mimi nitakaa pembeni yake.

Mwanao,
Nevena

*

Kijijini, 16 Novemba

Mwanangu Nevena,

Barua nimeipata, kiti nimekipata, na Ljuba alikunywa kahawa zangu mbili kabla hajaniachia vyote viwili. Mimi mzima. Goti linatabiri mvua kuliko redio, kuku wamerudi kazini. Mpe Kalina busu tatu, zisipungue hata moja.

Sasa hicho kiti. Nilikiweka mezani nikakizunguka kutwa. Kina mikanda mingi kuliko farasi wangu wa zamani, Mungu amrehemu. Jirani yetu Mladen alichungulia mlangoni akaniuliza kama mjukuu wangu anapelekwa mwezini. Na mimi nakuuliza wewe: kwenye basi la Ljuba anakaa kifuani kwako, kwenye gari langu anataka kiti cha rubani? Halafu atazame nyuma, afike kijijini hajakiona kijiji. Lakini haya, mama mtu ni wewe.

Upande wa kulia nyuma haiwezekani. Lile dirisha halifiki juu tangu siku uliyoliparamia na baiskeli, na upepo unaopenya pale unaweza kumlaza ng'ombe, sembuse mtoto wa miezi miwili. Basi nimekiweka katikati, ambako upepo haumfikii. Mikanda ya nyuma haipo, umesahau? Haijawahi kuwapo. Wewe na kaka yako mlikulia mle mmekalia magunia ya pilipili hoho. Nimekifunga kwa kamba ya kufungia majani, mafundo matatu, la mwisho ni lile la ndama. Ndani nimetandika mfarishi wa bibi yako, ule wa manyoya ya bata, ili mtoto asiguse plastiki baridi. Nimekwenda nacho mpaka kwenye kinu cha kusagia unga na kurudi. Hakuna tatizo.

Kiti cha mbele sikitaji kwa sababu hakuna la kutaja. Kiko kama alivyokiacha mama yako siku ile nilipomtoa hospitali, mgongo umelala, na kitabaki hivyo.

Ljuba atakupa chupa nne za ajvar, rojo yetu ya pilipili hoho za kuchoma. Pilipili za mwaka huu zimekubali moto vizuri.

Baba yako,
Tihomir

*

Niš, 19 Novemba

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, na ajvar chupa moja imekwisha nikiwa nimesimama tu jikoni na kijiko.

Ljuba amenieleza habari za boga.

Hukuniambia kuwa ulikwenda kinuni na boga la kilo sita ndani ya kile kiti. Wala hukuniambia kuwa kondoo wa Mladen walitoka getini, ukakanyaga breki, kiti kikapinda na kamba yake, na boga likateleza kutoka kwenye mfarishi likaja mbele likakaa juu ya gia. Ljuba alisimulia pale kituoni kwa sauti, abiria wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nami nilicheka. Kisha nikafika nyumbani, nikamlaza Kalina, nikakaa kwenye kiti nikalia, kwa sababu mpaka sikukuu naye atakuwa na kilo sita.

Mfarishi ndio uliolitoa, Baba. Ukitandika kitu kinene chini ya mikanda unaona imekaza, kumbe imekaza manyoya ya bata.

Kosa la kwanza ni langu. Nimekulia kwenye kiti kile cha nyuma na nimesahau kuwa hakina mkanda. Nimemuuliza nesi wa kliniki, nikamuuliza na fundi anayefunga viti hivi. Wote wawili wamesema jambo moja. Kwa kawaida mtoto hukaa nyuma, na kwenye magari mapya mbele ni hatari, kwa sababu ule mfuko wa hewa ukifumuka unampiga mtoto kichwani. Lakini gari lako halina mfuko wowote, limezaliwa kabla ya mambo hayo, na mkanda kamili, unaopita begani na kiunoni, linao mbele tu. Kwa hiyo mahali pake ni kiti cha mbele, kando yako. Na mgongo wa kiti hicho lazima usimame.

Najua ninachokuomba. Kama huwezi, nitachukua teksi pale Pirot, nawe usinikasirikie. Lakini mwanangu hatakaa nyuma kwenye lile gari kwa kamba ya majani. Hilo sibadilishi.

Mwanao anayekupenda,
Nevena

*

Niš, 3 Desemba

Baba mpendwa,

Nakubusu mkono. U mzima kweli? Sisi hatujambo. Kalina ameanza kutabasamu, kwanza kwa taa ya jikoni, kisha kwangu.

Kifurushi chako kimefika: maharage, jibini, na chupa ya asali imeviringishwa gazeti. Barua haikuwamo. Nililikunjua lile gazeti nikalisoma kote mbele na nyuma, mpaka matangazo ya matrekta, nikidhani labda umeandika pembeni. Nikamuuliza Ljuba. Anasema siku hizi unampa mzigo dirishani na kuondoka, hata kahawa humkaribishi.

Baba, lile neno la teksi lilinitoka vibaya. Mtu wa kijijini kwetu aliyewahi kuteremka kwenye teksi siku ya sikukuu, na baba yake ana gari uani, simjui, na sitaki niwe wa kwanza. Ningependa utupokee wewe. Nimekuwa nikiliwazia jambo hilo tangu Kalina azaliwe: wewe umesimama kituoni na kofia yako, umefika saa nzima kabla.

Na usidhani mimi nimesahau. Siku ile nilikuwa nyuma, mkono wangu uko begani kwa Mama njia nzima, na wewe ulikuwa unakwepa kila shimo. Aliniambia, "Baba yako anaendesha vizuri leo, mwambie nikisahau kumwambia." Sijui kama nilikwambia. Nakwambia sasa.

Juu ya boga, hata hivyo, sina la kubadilisha. Niandikie hata mstari mmoja.

Nevena

*

Kijijini, 8 Desemba

Mwanangu,

Mimi mzima. Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika, na nikikasirika siandiki, maana kalamu inachana karatasi. Nilikukasirikia siku tano. Nikamkasirikia Ljuba na mdomo wake. Siku ya sita boga lilikuwa bado liko pale uani linanitazama, nikaona sina wa kumkasirikia ila mimi.

Lakini kuona kosa ni kitu kimoja na kwenda kwenye gari ni kingine. Kila asubuhi nilifungua mlango ule wa mbele, nikasimama, nikaufunga. Mladen aliniona mara tatu, na mara zote tatu akajifanya anahesabu kondoo.

Barua yako ya juzi ikaja na yale maneno ya mama yako. Hukuwa umeniambia. Miaka mitatu nimeendesha peke yangu nikijiuliza kama nilimtikisa sana siku ile. Nililia, Nevena, nakuandikia wazi, nililia mezani mbele ya supu.

Kisha nikamkumbuka alivyokuwa kwenye basi. Akiona mwanamke anapanda na mtoto, yeye alikuwa ameshasimama kabla hajaombwa. Hata mwaka ule wa mwisho, miguu imevimba, anasimama, mimi namvuta sketi, "Keti, Desanka, kuna vijana humu," naye ananipiga mkono. Mtu huyo ndiye niliyekuwa namtunzia kiti asikalie mjukuu wake. Angeniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika mwezi wa mfungo.

Basi nikaingia, nikakaa nyuma ya usukani, nikasema, "Desanka, kuna mama kapanda na mtoto." Nikavuta kile kishikio cha kuinulia mgongo wa kiti. Hakikutii. Miaka mitatu, kimeshika kutu. Ikabidi nimwite Mladen na kopo lake la mafuta, nikajiandaa kwa mizaha yake. Alitia mafuta, akangoja, akatia tena, na kiti kikainuka chenyewe kwa kishindo, tukaruka sote wawili.

Nimekifunga kiti cha mtoto kama ulivyosema, mkanda umepita kwenye ndoano za buluu. Nilikipigia goti, lile zima, nikauvuta mpaka kikaacha kucheza. Mfarishi nimeurudisha kabatini. Boga nimelifunga tupu, bila nguo, samahani yake. Tulikwenda kwenye barabara ya malishoni nikapiga breki mara nne, ya nne Mladen alinitolea kondoo makusudi. Boga halikusogea hata upana wa kidole. Mladen akavua kofia.

Lile dirisha la nyuma nimelikandika mpaka haliingizi hata nzi. Wewe utakaa nyuma katikati, mkono wako utamfikia.

Njooni.

Baba

*

Niš, 22 Desemba

Baba mpendwa,

Tumefika salama. Nguo zangu bado zina harufu ya mshumaa na samaki wa sikukuu, na Kalina amelala tangu tulipoingia.

Nataka kukwambia kitu ambacho wewe hukukiona, kwa kuwa macho yako yalikuwa barabarani, na ninakushukuru kwa hilo. Ulikuwa unasikitika kwamba atatazama nyuma asione kijiji. Hakuona kijiji kweli. Njia nzima, kilometa zote kumi na nne, na trekta ikatupita, na bibi mmoja kwa miguu nusura atupite, alikuwa amegeuza kichwa upande wa usukani anakutazama wewe. Ulipoimba akatabasamu. Hakutabasamu kwa ajili ya taa, Baba. Mimi nilikuwa nyuma, mkono wangu uko begani kwake, nikaona kila kitu.

Na ile ndoo ya maji uliyoimwaga mbele ya gari tulipoondoka, ili safari iende kama maji, ilinilowesha viatu mpaka Niš. Asante.

Sasa mpe Ljuba kile kiti cha mtoto, Veljko anarudi wiki ijayo naye ana hamu ya kumtembeza binti yake. Na kile kiti cha gari unaweza kukilaza tena kilivyokuwa. Nilimwambia Mama kimoyomoyo kwamba tunakiazima kwa siku tatu tu.

Nakubusu mkono,
Nevena

*

Kijijini, 27 Desemba

Mwanangu Nevena,

Mimi mzima, kuku wazima, na boga tumelila. Lilikuwa tamu, ingawa Mladen alisema anaona kama tunamla mtu wa familia.

Kiti cha mtoto kiko kwa Ljuba. Amekunywa kahawa tatu, nimemsamehe.

Juu ya kile kiti kingine. Nilipokirudisha cha mtoto ndani nilikwenda kukilaza, kama ulivyosema. Nilishika kile kishikio, sasa kinakwenda kwa kidole kimoja. Kisha nikakiacha. Jana Mladen alitaka kwenda mjini na nikampakia mbele, ndiyo, mbele, na nikamwambia avute mkanda. Tulipofika daraja la kwanza akaanza kupapasa pembeni, anataka kukilaza aegemee kama bwana. Nikampiga mkono.

Nikamwambia, kiko kama alivyokiacha Kalina, na mtu asikiguse mpaka Pasaka.

Busu tatu,
Babu