Mapigo ya Moyo wa Hawa

Naliendele

Binti yangu Somoe,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu mfungo. Mikorosho imezaa vizuri.

Naandika barua kwa kuwa simu anaishika mama yako. Ile bangili uliyomletea, ili daktari wa huko Dodoma aone mapigo ya moyo wake, amemvisha mama yako mdogo Hawa. Mapigo mazuri mnayoyasoma ni ya Hawa. Nilipomkemea mama yako alijibu, "Wakijua wataniita huko, na korosho ataokota nani? Wewe na magoti hayo?"

Jana alikaa chini shambani akihema, hata tukamwinua. Ameomba tungoje mavuno yaishe. Nimempa hadi Ijumaa aamue kuivaa. Akishaamua nitakuandikia. Asipoamua, nitaichukua kwa Hawa na kumvisha mgonjwa mwenyewe.

Baba yako,
Faraji