Kila Ninaposema Anza

Jumatatu, 6 Mei

Nimemjibu Mkasi mbele ya darasa zima. Sijutii.

Mkasi ni mwalimu wetu wa uhariri. Jina alipewa na waliotutangulia, maana umpelekee kazi yoyote, atasema kata. Leo somo lilikuwa filamu za kukua: mtoto anaingia upande huu, mtu mzima anatokea upande ule. Akatuandikia ubaoni kama daktari anayeandika dawa. Uso kwa karibu. Dirisha. Ugomvi na mzazi. Machozi. Muziki unapanda. Mwishoni anakimbia — barabarani, shambani, popote, ilimradi akimbie. Eti mtazamaji lazima aone kwamba mtoto amekua.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu, humu ndani kuna mtu aliyekua akikimbia? Mimi nilikua nikisugua masufuria! Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema nijue kanuni kwanza, haki ya kuzivunja itakuja baadaye, na filamu yangu ya mwisho wa muhula ataingoja kwa hamu. Ile hamu ya mtu anayengoja uteleze.

Sawa. Angoje. Nitaipiga nyumbani, chumbani kwetu, na mhusika atakuwa Kidomo. Mdogo wangu huyu ana miaka kumi na mitano. Jina la Kidomo alilipata utotoni kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akiwa anatafuna. Siku hizi hasemi. Ukimwuliza kitu anainua bega moja, basi. Nataka filamu ya lile bega! Na hakuna atakayekimbia.

Jumatano, 8 Mei

Kidomo amekubali. Masharti: halii, na havai gauni langu lolote. Mama atakuwa mama. Hadithi yenyewe ndogo tu: binti hataki tena kusukwa nywele na mama yake, anataka kuzikata. Mama anakataa. Kisha anakubali, kwa shingo upande.

Masikio atashika sauti. Ni mwanafunzi mwenzangu, hedifoni haziondoki kichwani, hata ukimsalimu anakujibu kwa kidole gumba.

Jumamosi, 11 Mei

Tumepiga! Siku nzuri mno. Mama aliomba ruhusa kwenye duka la miwani anakofanya kazi, akaja bado na kile kitambaa chake cha kufutia vioo mfukoni. Kabla sijamzuia alikuwa ameshaifuta lenzi yangu. Eti ilikuwa na ukungu. Kweli ilikuwa nao.

Kidomo huwa anaganda akiona ile taa nyekundu ya kamera. Nikaibandika utepe mweusi. Na maandishi yote ya kwenye kioo cha kamera nikayaondoa, niione fremu safi, hakuna saa wala betri wala nini. Baada ya kila kipande tulipumzika: mimi natoka nje kusogeza taa ya dirishani, Masikio anaacha maikrofoni kwenye stendi yake anakwenda kunywa maji, wale wawili wanabaki kitandani. Nikirudi, nasema anza, nabonyeza.

Kipande cha tatu Kidomo alinitoa machozi. Mkasi atakoma!

Jumapili, 12 Mei

Hakuna.

Hakuna kitu. Hata kipande kimoja.

Jumatatu, 13 Mei

Sasa naweza kuandika.

Asubuhi ile Masikio aliomba nijaribu sauti kwanza. Nikabonyeza, kamera ikaanza kurekodi. Sikuizima. Nilisahau! Taa imezibwa, kioo hakina maandishi — ningejuaje? Kwa hiyo niliposema anza nikabonyeza, niliizima. Niliposema kata nikabonyeza, niliiwasha. Siku nzima hivyo. Walipoigiza, kamera ililala. Walipopumzika, ikaamka.

Nilipomweleza Masikio alicheka mpaka akavua hedifoni. Akasema hata mtu aliyelipwa aniharibie kazi asingeweza kwa mpangilio ule. Nikamwambia anyamaze, nikafungua klipu ya kwanza ili nimwoneshe hasara yangu.

Tukasogelea kioo wote wawili.

Mama anamfumua Kidomo nywele ili amsuke upya kwa kipande kinachofuata. Kidomo amemwegemea magotini. Anaongea! Anaongea kama zamani. Anamwuliza mama aliacha lini kuona aibu. Aibu ya nini, mama anauliza. Ya kutazamwa. Mama anafumua msuko mzima kabla ya kujibu. "Bado sijaacha," anasema. Kazini anawavalisha watu miwani, anawasogelea uso kwa uso, wao wanatazama pembeni na yeye anatazama pembeni, miaka yote hiyo. Kidomo anacheka. Mama naye anacheka. Sijawahi kusikia mama akisema kitu kama kile.

Klipu ya nne ndiyo iliyonimaliza. Kidomo anasema: "Dada akinitazama hanioni mimi. Anaona picha yake. Tangu aanze chuo hajaniuliza kitu kisichokuwa cha filamu." Mama anamwambia amwambie dada yake. "Nimwambie nini, mama? Atasema ngoja, rudia, taa haikukaa vizuri."

Halafu sauti yangu inaingia kutoka nyuma ya kamera, furaha tele: "Haya, kila mtu mahali pake! Anza!" Giza.

Kila klipu inaisha hivyo. Kila ninaposema anza, inakatika.

Masikio akavaa hedifoni zake taratibu. Akasema, dada, hii ndiyo filamu.

Jumatano, 15 Mei

Nimempelekea Mkasi klipu mbili. Hakumaliza hata moja. "Binti, hii siyo filamu, ni ajali." Fremu haijapangwa, nusu ya kichwa cha mama imekatwa, mhusika hana anachotaka. Nipige upya Jumamosi.

Nikasema sipigi. Akauliza kama nimesikia vizuri. Nikamwambia nimesikia vizuri sana, mwalimu, na sipigi. Akasema basi Ijumaa ya wiki ijayo, zitakapooneshwa filamu ukumbini, yangu isitarajie kuwamo. Potelea mbali!

Nikachukua klipu zangu mbili nikatoka.

Ijumaa, 17 Mei

Nahariri. Chumba cha uhariri hakina dirisha, feni inalia, viti viwili na kimoja hakina mgongo. Nimekuwa mtu wa humu.

Nimejaribu mambo. Sauti kutangulia picha: unasikia kicheko cha mama kukiwa bado giza, kisha ndipo unamwona. Inapendeza ajabu, mtu anasogea mbele kwenye kiti bila kujua kwa nini. Mikato ya kuruka, ambayo Mkasi anaichukia — kichwa cha Kidomo kina misuko yote, mara nusu, mara hakina hata mmoja. Muda umepita bila saa ukutani. Na pale mama anaponyamaza kabla ya kusema bado, sikukata. Mkono uliniwasha! Mwalimu wetu angekata mara tatu. Nimeuacha ukimya wote.

Jioni Masikio akaja kusikiliza. Alipofika klipu ya nne akainua kidole. Rudisha. Nikarudisha. "Mlio wa feni ya chumbani kwenu umeruka," akasema. "Kuna kitu umekitoa hapo."

Huyu mtu! Nilikuwa nimetoa maneno yote yanayonihusu. Nikamwambia yanachelewesha mwendo. Akavua hedifoni, akainuka. Alipoondoka nikayarudisha. Yanauma. Yakae hapo hapo.

Jumapili, 19 Mei

Mama ameiona. Kidomo alikuwa ametoka. Mwishoni mama alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema yeye hana neno, nimwache hivyo hivyo na nusu ya kichwa chake. Kisha: "Na mwenzio ulimwuliza?"

Nikasema nitamwuliza.

Jumanne, 21 Mei

Maajabu. Mkasi ameiona yote! Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, Masikio amemfungulia. (Nitamnyonga Masikio. Au nitamshukuru.) Hakusema kata hata mara moja. Akaomba iwekwe tena. Kisha akasema Ijumaa, filamu yangu ndiyo itafungua.

Mimi! Ya kufungua!

Ana nyongeza moja tu: maneno ya mdogo wangu kuhusu mimi yahamie mwisho kabisa, muziki chini yake, watu watoke wakiwa wamevunjika. Nikasema Kidomo hajui bado kwamba alirekodiwa. Akacheka kwa upole, kama baba. Akasema usimwulize, atakataa. Mkurugenzi akianza kuomba ruhusa hatapiga kitu maisha yake yote. Siku atakapopigiwa makofi atakushukuru.

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Kidomo alikuwa mezani na daftari la hesabu. Nikamwuliza vipi. Bega.

Sikumwuliza lingine.

Jumatano, 22 Mei

Nimemwambia. Mama alinikalia kooni tangu asubuhi, lakini siyo kwa sababu ya mama. Ni kwamba nilipokuwa napiga mswaki nilijisikia nikiyarudia maneno ya Mkasi, mkurugenzi haombi ruhusa, kwa sauti yake ile ile. Nikatema.

Nilimwonesha kwenye simu. Alitazama mpaka mwisho. Mikono imekaa kimya mapajani. Kisha akasema, futa.

Nikaeleza. Mimi na maelezo! Kwamba ni nzuri, kwamba hakuna aliyewahi kumwona msichana wa umri wake hivi, kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayeumbuka humo na nimekubali. Akasema mimi nimekubali la kwangu. La kwake nimelikubali kwa niaba ya nani?

"Ni filamu yangu!"

"Ni sura yangu!"

Alisimama anapiga kelele, Kidomo, ambaye miezi yote hii hajainua sauti. Kwamba alikuwa anaongea na mama. Siyo na kamera, siyo na ukumbi, na mama! Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, mwanga wa jioni umemshika upande mmoja wa uso, na mimi — Mungu anisamehe — nikautazama mwanga.

Aliniona. "Unaona?" akasema. "Hata sasa! Unaona?"

Akaenda kulala kitandani kwa mama.

Alhamisi, 23 Mei

Naandikia kwenye chumba cha uhariri, daftari juu ya goti.

Asubuhi nilimfuata Mkasi ofisini nikamwambia bila ruhusa ya mdogo wangu hakuna filamu. Akasema ratiba imeshachapwa. Nikasema ichapwe upya. Akasema naogopa. Nikamwambia hapana, mwalimu, wiki iliyopita ndiyo niliogopa, nilipokata yale maneno yanayonihusu. Leo siogopi chochote. (Uongo.) Akasema faili aipate leo kabla ofisi haijafungwa, na kwamba mambo ya kifamilia niyaache nyumbani.

Basi nimeyaleta hapa. Kidomo alipotoka shule nilikuwa getini. Sikuwa na kamera, hata begi lake sikubeba. Nikamwuliza kama atakuja aone mahali ninaposhinda. Akainua bega, lakini akaja.

Nimempa kile kiti chenye mgongo. Nimefunga mlango kwa ufunguo. Nimemwambia kila kitu kiko humo kwenye kompyuta, klipu zote na filamu nzima. Nakala moja ilikuwa kwenye flashi, nimeiweka mkononi mwake. Ya kwenye simu nimeifuta, nyingine sina. Masikio alikuwa nayo, nimemfutisha mbele yangu, karibu alie. Kidomo akaniuliza kama nina wazimu. Nikasema huenda.

Akauliza kukata ni kitufe gani. Nikamwonesha. Na kufuta? Nikamwonesha.

Ameanza mwanzoni. Amekaa mbele ya uso wake mwenyewe, na mimi nimejiweka nyuma, kwenye kiti kibovu, nisimwone usoni. Naona kisogo tu. Sijui analia au anacheka. Nataka kumwambia asikilize kile kicheko kinachotangulia picha. Nimeuma kalamu.

Amesimamisha. Amerudisha nyuma kidogo. Pale mama anaponyamaza kabla ya kujibu. Ametazama. Amerudisha tena. Kisha, bila kugeuka: "Hapa hukukata."

Nikasema sikukata.

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu kuhusu mwendo na ukimya na mtazamaji. Nikaufunga. Nikasema kwa sababu mama alikuwa anafikiri. Akatikisa kichwa, kama fundi anayekubaliana na fundi mwenzake. Akaendelea.

Sasa amefika klipu ya nne. Anajisikiliza akinisema. Sauti ameipandisha, siyo ameishusha! Chumba kizima kinamsikia. Kidole kiko juu ya kitufe. Kipi kati ya vile viwili, kutoka hapa sioni.

Mlango unagongwa. Ni Mkasi. Anaita jina langu, anasema muda umekwisha, nimpe faili. Kitasa kinazungushwa.

Kidomo hajageuka. "Mwambie asubiri," amesema.

Nimemwambia.